Hata wewe wa Sinza, tumbawe linakuhusu

Najua wengi wenu mnaufungua ukurasa huu mkitafuta stori za mapenzi: nani kamwacha nani, na nani kaonekana na nani Ijumaa usiku. Leo mnisamehe. Nataka tuzungumze habari za baharini, na kabla hujakimbilia kurasa za michezo nikuulize swali moja tu. Yule changu uliyemla juzi pale baa, kakaangwa mpaka mapezi yanatafunika, unajua alikuwa anaishi wapi?

Hujui, na wala sikulaumu. Sisi vijana wa Dar bahari tunaijua kwa juu juu. Jumapili jioni tuko Coco Beach na mihogo ya kukaanga, pilipili kwa wingi, muziki unatoka kwenye gari la mtu. Wenye vijisenti vya ziada wanapanda boti Msasani kwenda Bongoyo, au Kunduchi kwenda Mbudya. Wanapiga picha mia kwenye mchanga mweupe, wanarudi jioni migongo imebabuka. Ukimwuliza mshikaji kaona nini huko, anakwambia kaona bahari. Ulitegemea aone mlima?

Mimi nina bahati moja tu ambayo wengi wenu hamna. Nina mjomba Kunduchi.

Mjomba wangu huyo (na yeye ananiita mjomba, kama ilivyo kawaida yetu) ni mvuvi wa dema. Kwa wale waliozaliwa ghorofani, dema ni mtego uliosukwa kwa fito mfano wa kikapu kikubwa. Unautia chambo, unauzamisha kando ya mwamba, kesho unakwenda kuuchungulia. Zamani nikifunga shule nilikuwa napelekwa kwake, na siku ya kwanza kabisa aliyonichukua kwenye ngalawa hakunipa mshipi wala kasia. Alinivalisha miwani yake ya majini iliyochakaa, akaniambia niinamishe uso majini nitazame chini. Kabla sijajua kumvua samaki, alisema, nimwone kwanza kwao.

Jamani, kule chini ni mji! Kulikuwa na matawi kama pembe za paa, madude ya mviringo yenye mikunjo kama bongo za mbuzi buchani, na mengine mapana kama meza ya chakula. Katikati yake walikuwa wanapita changu, tasi, kangu na pono, kila mmoja anajua nyumba yake na kila mmoja ana haraka zake. Kariakoo tupu, tofauti tu ni kwamba kule hakuna honi.

JIWE LENYE UHAI

Watu wengi wakiliona tumbawe wanasema ni jiwe. Wengine wanasema ni mmea. Ukweli ni kwamba tumbawe ni mnyama, tena ni wanyama wengi walioshikana. Kila mmoja ni kajitu laini, mara nyingi hakafiki hata ukubwa wa punje ya mchele, kana mdomo mmoja na vijikono pembeni. Hako ndiko kanakojijengea kijumba cha chokaa chini yake. Kakifa, kengine kanajenga juu, na baada ya miaka na miaka unapata mwamba unaoweza kutoboa jahazi.

Halafu kuna habari ya wapangaji. Ndani ya mwili wa kila kajitu wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Mwani hao wanatumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho wanampa mwenye nyumba. Ndiyo kodi yao. Hata zile rangi nzuri unazoziona, nyingi ni za wapangaji hao. Ndiyo maana matumbawe ya kujenga miamba yanapenda maji maangavu yasiyo na kina kirefu, mahali jua linafika.

Sasa sikiliza kasi yao ya kujenga. Tumbawe la matawi linaweza kurefuka sentimeta kumi au zaidi kwa mwaka. Lakini yale ya mviringo, makubwa, yanakua kiasi cha sentimeta moja hivi. Moja tu! Maana yake ukikutana na tumbawe la aina hiyo lenye kimo cha mtu mzima, huyo mzee alianza kukua kabla Wajerumani hawajatia mguu Bagamoyo. Kapita enzi za Sultani, Mjerumani na Mwingereza, kapita Uhuru, na bado yupo kazini.

Na kazi anayo. Miamba ya matumbawe haifiki hata asilimia moja ya sakafu ya bahari za dunia, lakini karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini wanaishi humo au wanaitegemea. Tena mwamba ulio hai unaweza kuvunja zaidi ya asilimia 90 ya nguvu ya mawimbi kabla hayajagonga ufuko. Na ule mchanga mweupe unaojilaza ukipiga picha? Sehemu kubwa ya mchanga wa visiwa vya namna hiyo ni kinyesi cha pono, ambaye kazi yake kutwa nzima ni kukwangua matumbawe kwa meno, kumeza na kutoa unga nyuma. Pole sana, lakini ndivyo ilivyo.

MLIO NILIOUSIKIA

Mwaka 2014 nilikuwa nimeshaanza kazi mjini, nikaenda kumsalimia Mjomba siku ya mapumziko. Tukatoka wote na ngalawa. Nilikuwa majini, kichwa kimezama, nikasikia kitu. Sijui nikieleze vipi. Si kama radi wala si kama baruti za harusini. Ni kishindo kinachokupiga kifuani kabla hakijafika masikioni, kama mtu kabamiza mlango wa chuma ndani ya mbavu zako. Nikatoka kichwa haraka. Mjomba alikuwa kakaa tu anatazama upande wa kaskazini, hana hata mshangao.

"Wameanza," akasema. "Huyo ni wa kwanza leo."

Hao ndio wapiga mabomu. Mtu anarusha mlipuko palipo na samaki, kufumba na kufumbua samaki wanaelea, wengine wanazama bila kuokotwa. Kazi ya dakika chache. Lakini ule mji niliokusimulia, wa pembe za paa na meza za chakula, unageuka kifusi. Na kifusi kina balaa lake: vipande vinasukwasukwa na mawimbi, kwa hiyo hata vitoto vya matumbawe vikija na maji kutafuta pa kujishikiza, havipati mahali palipotulia. Sehemu iliyopigwa sana inaweza kukaa jangwa kwa miongo kadhaa.

Msidhani ni mchezo wa juzi. Uvuvi wa baruti ulishaonekana kwenye pwani yetu tangu miaka ya 1960, na sheria ikaupiga marufuku mwaka 1970. Mwaka 1975 Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, visiwa vyetu hapa Dar, vikatangazwa kuwa hifadhi. Marufuku ikakaa kwenye karatasi, mabomu yakaendelea kulia majini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanajeshi wakaingia kwenye msako na hali ikatulia, halafu miaka ya 2000 ilipoanza mchezo ukarudi kama zamani.

Na sasa weka kikombe cha chai chini usikie hii. Mwaka 2015 watafiti walizunguka na boti kwenye pwani ya Tanzania kwa muda wa siku 30 hivi, wakisikiliza kwa vipaza sauti vilivyozamishwa majini. Walinasa milipuko 318. Zaidi ya kumi kwa siku, na hiyo ni ile tu iliyosikika pale boti moja ilipopita! Ilikuwa inatoka wapi? Karibu asilimia 62 ilikuwa ndani ya kilometa 80 kutoka Dar es Salaam. Yaani si vijiji vya mbali huko ambako tunapenda kuwasingizia watu kuwa hawakusoma. Ni hapa kwetu, kwenye soko kubwa, kwenye mabaa na majumba yetu. Samaki wa bomu alikuwa anakuja mjini kwa sababu mjini ndiko alikokuwa na mnunuzi.

BOMU HALINA MACHO

Hapa ndipo stori inapoingia ndani ya familia yangu, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Binamu yangu, mtoto wa Mjomba, tumelingana umri. Mwaka ule ule alifuatwa na kikundi cha hao jamaa. Walikuwa wanataka mtu anayeijua miamba, na yeye kazaliwa juu yake. Akanifuata mjini kunieleza, nadhani alitaka nimuunge mkono kabla hajamkabili baba yake.

"Kaka, wewe mwisho wa mwezi una mshahara," akaniambia. "Mimi dema la mzee siku hizi linatoa samaki watano kwa siku mbili, na wote wa kutia huruma. Wale jamaa asubuhi moja wanarudi boti imejaa. Mwanangu ana ada ya shule. Nimwambie mwalimu kwamba nalinda matumbawe?"

Nilimtazama nikakosa la kusema. Ukiwa na shibe ni rahisi sana kumhubiria mwenye njaa habari za mazingira. Na alikuwa na hoja: dema la mzee lilikuwa halipati kitu kwa sababu wenzake walishapiga mabomu. Aliyekuwa mwaminifu ndiye aliyekuwa analala njaa. Sasa hapo utamwambia nini?

Mjomba yeye alikuwa na la kumwambia, akalisema mbele yetu sote, taratibu, bila kupandisha sauti.

"Dema langu lina macho. Mdogo anapita, mkubwa anabaki. Mwakani yule mdogo atakuwa mkubwa, nitamkuta. Bomu halina macho. Likishalia hakuna mdogo wala mkubwa, hakuna mama wala yai, na nyumba yao umebomoa. Wewe unataka kumlipia mwanao ada kwa kula urithi wake. Na samaki wa bomu asivuke mlango huu."

Binamu akaondoka nyumbani siku ile ile. Mkaza mjomba alilia wiki nzima, na sisi ndugu tukagawanyika, wengine wanasema mzee ana roho ngumu, wengine wanasema kijana kapotea. Miezi mingi baba na mwana wakawa wanapishana ufukweni kama watu wasiojuana.

Kilichomrudisha binamu si mahubiri ya mtu. Kijana mmoja wa mtaa wa pili, mwenzake wa kucheza chandimu utotoni, bomu lilimlipukia mkononi kabla hajalirusha. Mkono ukaishia kwenye kiwiko. Siku hizi anauza vocha kando ya barabara, anazikwangua kwa vidole alivyobakiwa navyo, na watoto wake bado wanahitaji ada ile ile. Binamu alikwenda kumwona hospitalini, akatoka pale moja kwa moja mpaka kwa baba yake, akamwambia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba. Hawakuongea zaidi ya hapo, wakaenda kushusha dema.

Mwaka 2015 serikali nayo ikaunda kikosi cha pamoja cha vyombo mbalimbali kupambana na uhalifu wa namna hii, na miaka michache iliyofuata msako ukawa mkali kwelikweli. Milio ikapungua mno. Mjomba aliniambia ilimchukua muda kuuzoea ukimya.

JE, YANAWEZA KUPANDWA?

Swali hili nimeulizwa sana na washikaji kila nikileta mada hii kijiweni. Jibu ni ndiyo, yanapandwa, lakini usidhani ni kama kupanda mchicha.

Inafanyika hivi. Unachukua vipande vidogo vya tumbawe hai, mara nyingi vile vilivyokwisha kuvunjika vyenyewe. Unavibandika kwenye vitako vya saruji au kuvifunga kwenye kamba, unaviweka kwenye kitalu, yaani meza au wavu uliotandazwa chini ya maji. Unakuwa unapiga mbizi kuvisafisha, maana majani ya baharini na konokono waharibifu hawana adabu. Baada ya miezi kadhaa vimekua, unavihamishia kwenye mwamba uliokufa au juu ya maumbo ya saruji na chuma yaliyozamishwa makusudi ili pawe na pa kushikia. Watafiti walishajaribu vitalu vya namna hiyo Unguja na Mafia, na vipande vikakua. Kwa majirani zetu wa Kenya, kule Mkwiro katika kisiwa cha Wasini, wanakijiji wenyewe wameshiriki kazi hiyo.

Lakini pigia hesabu. Kupanda ni kipande kwa kipande, kwa mkono, pumzi ikiwa imebanwa. Kuvunja ni sekunde moja. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuacha kuvunja, na ushahidi upo karibu sana. Kisiwa cha Chumbe, kando ya mji wa Unguja, mwamba wake ulifungwa kwa uvuvi mwaka 1994. Walinzi wakachukuliwa wavuvi wa vijiji vya jirani, wakafundishwa, wakawa wanawaelimisha wavuvi wenzao badala ya kuwapiga virungu. Leo kuna zaidi ya aina 400 za samaki. Mafia nayo ikapata hifadhi ya bahari mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, na humo wananchi wanaishi na wanavua kwa taratibu zilizowekwa. Samaki hana kitambulisho cha mkazi. Akizaliana kwa wingi ndani ya eneo lililofungwa, anavuka mpaka na kuingia kwenye dema la mvuvi wa nje.

Siwezi kuwaficha upande wa pili. Kuna adui ambaye hata mgambo hawezi kumkamata, naye ni joto. Maji yakizidi kiwango cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi moja tu, yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe linawatimua wale wapangaji wake. Rangi inaondoka, linabaki jeupe pe, ndiyo wanaita kupauka. Joto likishuka mapema wapangaji wanarudi. Likichelewa, mwenye nyumba anakufa njaa. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi upande wetu huu ilikufa hivyo. Aprili 2024 wataalamu wakatangaza kwamba dunia nzima imo kwenye kupauka kwa mara ya nne. Hapo mvuvi wa Kunduchi hana kosa, joto hilo linatokana zaidi na moshi wa nchi zenye viwanda. Ila mwamba mzima usiopigwa bomu una nafasi nzuri zaidi ya kuinuka tena kuliko kifusi. Mgonjwa mwenye afya anapona malaria haraka kuliko yule aliyevunjwa miguu kwanza.

MAMBO MANNE YA MTU WA MJINI

Sasa wewe wa Sinza, Tabata au Mbagala, unafanyaje? Sikwambii ukanunue vifaa vya kuzamia.

Kwanza, ukinunua samaki, mkague. Mwombe muuzaji ampasue mbele yako. Samaki aliyepigwa bomu mara nyingi mifupa yake imevunjika ndani wakati ngozi ni nzima, damu imevilia tumboni, na nyama imelegea kama ya jana wakati kafa asubuhi. Ukimtilia shaka mwache. Muuzaji akikosa wateja watatu kwa sababu hiyo, ujumbe unafika mpaka kwenye boti.

Pili, ukienda visiwani usisimame juu ya matumbawe. Najua umechoka kuogelea na unataka kupumzika. Pumzika kwenye mchanga au rudi kwenye boti.

Tatu, mwulize nahodha wako nanga anatupa wapi. Nanga moja juu ya mwamba ni bomu la polepole. Palipo na boya afunge boya, pasipo na boya atafute mchanga. Wewe ndiye unayelipa nauli, una haki ya kusema.

Nne, yale makombe na vipande vya matumbawe vinavyouzwa kandokando ya barabara, viache hapo hapo. Sebuleni kwako weka picha ya harusi.

Binamu yangu leo ni mfanyakazi wa boti ya kupeleka wageni kisiwani. Hajatajirika, msimu ukiwa mbaya bado ananipigia simu kuomba ya kusogezea siku, na dema la mzee halijarudia enzi zake. Lakini mwezi uliopita Mjomba alitoa changu wawili wakubwa na tasi kadhaa kwa kushusha mara moja, akanipigia simu kunitangazia kana kwamba kashinda bahati nasibu. Mjukuu wake, yule wa ada, yuko sekondari na keshajifunza kuogelea na miwani ile ile iliyochakaa.

Haya, wikiendi njema. Na ukimkuta mtu kasimama juu ya tumbawe anajipiga picha, mwambie kwa upole ashuke, hapo alipopanda ni kwa watu.